Jioni ya bakgamoni imeanza kuzingua? Tafuta ugonjwa humu

Naendesha jioni ya bakgamoni kila Jumatatu kwenye baa moja ya Sinza hapa Dar, mwaka wa tatu sasa, na karibu kila kinachoweza kuharibika kimeshaharibika mbele ya macho yangu. Hii nawaandikia ambao tayari wana jioni kama hiyo, iwe Dar, Nairobi au hata London, na wameanza kuona mambo hayaendi. Kama huujui mchezo, kwa kifupi ni watu wawili, kila mmoja na kete 15, ubao una pembetatu 24, dadu mbili, unakimbiza kete zako mpaka nyumbani kwako alafu unaanza kuzitoa nje, atakaemaliza kutoa ndio mshindi. Waturuki wanauita tavla, waarabu wa Lebanoni na Syria wanasema tawla. Kwetu uliingia kupitia mzee mmoja mwenye asili ya Lebanoni na mafundi wawili wa kituruki waliokuja na ujenzi wa reli ya SGR, vijana wa drafti wakaona, wakakaa, hawajanyanyuka mpaka leo.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Watu wakiniletea tatizo wanaleta jina la mtu: fulani mgomvi, fulani mzembe, meneja ana roho mbaya. Ukichimba mara nyingi unakuta shida ni saa. Kwahiyo angalia saa kwanza, mtu baadae.

Saa 6 usiku inagonga na bado hamjapata mshindi

Hapa usitafute mchawi, piga hesabu. Kwetu mechi ya pointi 3 (michezo kadhaa mfululizo, wa kwanza kufikisha pointi 3 ndio mshindi) inakula dakika 25 hivi, ya pointi 5 dakika 40 na kitu, ya pointi 7 inagusa saa nzima. Sasa mtu anapanga raundi nne za pointi 7, anatangaza kuanza saa 1 usiku, watu wanafika saa 2 kwasababu ya foleni ya Ubungo, na hapo hujaweka chakula, hujaweka mtu kwenda msalani, hujaweka umeme kukatika. Saa 6 itafika tu, haina namna.

Dawa yangu ni raundi mbili za kwanza pointi 3, mbili za mwisho pointi 5. Dadu la kwanza linarushwa saa 1 na nusu, awepo asiwepo. Aliechelewa dakika 10 mpinzani anapewa pointi moja, dakika 20 mechi imekwisha. Mwanzoni walininunia. Wiki ya tatu yule yule mgomvi mkubwa nikamuona anashuka kwenye bodaboda saa 1 na dakika 20, jasho linamtoka, ananiuliza tumeanza? nikajua dawa imeingia.

Alafu kuna mtu mmoja mmoja ambae ni mzito. Tuna kaka mmoja mhasibu, mtu mzuri sana, lakini kila zamu anahesabu ubao wote kwa kidole, midomo inacheza kama anasoma dua, anafika mwisho, anasahau, anaanza upya. Huyo usimpigie kelele, mpe saa. Pakua programu ya saa ya chess kwenye simu, zipo za bure, hakikisha tu ina sehemu ya kuweka sekunde za kusubiri. Mashindano makubwa yanatumia hesabu ya dakika 2 kwa kila pointi ya mechi, yaani mechi ya pointi 5 kila mchezaji ana dakika 10, na kila zamu kuna sekunde 12 za bure kabla saa haijaanza kula muda wako. Sekunde 12 zinatosha kabisa kwa zamu ya kawaida, hizo dakika 10 unazitunza kwa yale maamuzi magumu. Sisi hatuweki saa meza zote, baa ingegeuka chumba cha mtihani. Tunaweka pale ambapo dakika 20 zimepita na mechi haijafika nusu.

Raundi ya kwanza mko 14, raundi ya tatu mmebaki wanne na viti vitupu

Unachezesha mtoano. Ndio maana. Mtu ametoka Mbezi, kakaa foleni saa nzima, kapoteza mechi moja kwa dadu mbaya ndani ya dakika 20, unategemea afanye nini, akupigie makofi? Anamaliza soda yake anaondoka, na wiki ijayo haji.

Hamia mfumo wa Uswisi. Hakuna anaetolewa. Kila raundi unakutanisha wenye ushindi sawa na hawajakutana, aliyeshinda mbili na aliyeshinda mbili, aliyepigwa mbili na mwenzake. Kwa watu 16 raundi nne zinatosha kubakiza mmoja ambae hajafungwa, mkiwa 12 pia inaenda vizuri, mkilingana mwisho mnaangalia nani alicheza na wapinzani wagumu zaidi, yaani unajumlisha ushindi wa wale aliokutana nao. Karatasi na kalamu vinatosha, mimi natumia kaunta buku.

Mkiwa idadi isiyogawanyika, mwenye jioni ndio anaziba pengo. Ndio, wewe. Usijisajili, kaa pembeni, mkiwa 11 unakaa unacheza, mkiwa 12 unazunguka. Nilikua najisajili kila wiki kwasababu na mimi naupenda mchezo, matokeo yake mtu wa ziada anakaa raundi nzima anaangalia TV na mimi nasimamia ugomvi meza ya nne huku saa yangu inakimbia. Niliacha.

Wageni wanakuja mara moja hawarudi

Hapa nakaa kidogo maana ndipo jioni nyingi zinafia, na dalili yake haina kelele. Mgeni hagombani na mtu, anasema asante, wiki ijayo "nimebanwa kidogo kaka".

Mara tisa kwa kumi aliyemkimbiza ni lile dadu la kudabo. Kwa ambao wanacheza bila hilo: ni dadu kubwa lenye namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64, lilianzia New York miaka ya 1920. Ukijiona uko juu, kabla hujarusha unamwambia mwenzako dabo. Akikataa anapoteza mchezo kwa pointi iliyopo, akikubali mchezo unakua wa pointi mara mbili na dadu hilo linakua lake, ni yeye tu anaeweza kudabo tena. Mwenyeji anamuona mgeni, anamdabo zamu ya nne, mgeni hajui afanye nini anakubali kwa aibu, anapigwa gamoni (hajatoa hata kete moja), pointi 2 mara 2 ni 4, mechi ya pointi 3 imekwisha kwa dakika tisa. Ameshikana mkono na mtu, amelipa soda, amemaliza.

Tiba ni dakika tano za maelezo kabla ya raundi ya kwanza, na hesabu moja tu ambayo ukimpa mtu haisahau. Mwambie afikirie hali ile ile mara nne. Akikataa zote nne anapoteza pointi 4. Akikubali zote nne, akashinda moja tu na kufungwa tatu, amepata 2 amepoteza 6, jumla ni kupoteza 4 vile vile. Kwahiyo ukiona utashinda angalau mara moja kati ya nne, kubali. Chini ya hapo, kataa bila aibu. Kuna mambo ya gamoni na hesabu ya mechi yanayobadilisha kidogo lakini kwa mgeni hiyo inatosha miezi sita. Mdada mmoja muuza vipodozi Kariakoo nilimpa hiyo hesabu, akacheka, akasema hii si ndio ile ya kuamua uuze mzigo kwa hasara au ukae nao. Huyo sasa hivi anatupiga wote.

Na kama kweli mgeni ni mgeni kabisa, raundi zake mbili za kwanza chezesheni bila dadu la kudabo. Hakuna atakaekufa.

Hapo hapo kuna ugomvi wa sheria ya Crawford, unatokea kila mwezi. Mechi ya pointi 5, mtu akishafika 4, mchezo unaofuata hakuna kudabo, mmoja tu. Ukiisha na mechi haijaisha, dabo inarudi, na aliye nyuma anatakiwa kudabo mapema kadri anavyoweza maana kwake kufungwa pointi moja au mbili ni kitu kimoja, mechi imekwenda. Iandike ubaoni, alafu mtu akibisha unanyoosha kidole tu.

"Dadu zimetegwa!"

Hazijategwa. Ila unavyozirusha zinastahili lawama. Ukikuta meza watu wanarusha kwa kiganja, dadu zenyewe ndogo za plastiki zilizokuja na ubao wa bei rahisi, nusu ya mirusho ni kuzidondosha tu, lazima mtu atawaza vibaya. Nunua vikombe, hata vya ngozi vya bei nafuu, kila mmoja atikise arushe kutoka kwenye kikombe. Dadu zote mbili zitulie bapa upande wa kulia wa anaerusha. Moja ikipanda juu ya kete, ikiegemea ukingo, ikiruka upande wa pili au ikaanguka chini, zote mbili zinarushwa upya. Zamu imeisha ukishaokota dadu zako, kabla ya hapo unaweza kubadili mawazo, baada ya hapo hapana. Mpinzani kurusha kabla mwenzake hajaokota ndio chanzo cha nusu ya kelele za baa yetu, hiyo kemea.

Alafu wape watu namba, maana mtu akipigwa anakua na kumbukumbu ya ajabu. Kete yako ikiwa peke yake hatua 6 mbele ya adui na njia iko wazi, anayo mirusho 17 kati ya 36 ya kuipiga (kutua juu yake, ikaanze safari upya), karibu nusu. Watu wanadhani ni sita tu ndio inayopiga, wanasahau 5 na 1, 4 na 2, mbili mbili, tatu tatu. Na sita sita ni moja kati ya 36, mchezo ukifika mirusho 50 hivi lazima uwe umeitegemea, sio muujiza. Mzee wetu wa Lebanoni hahesabu chochote. Akirushiwa sita sita anainua glasi anasema "karibu nyumbani", basi.

Kama bado wanabishana kuhusu uamuzi, sio bahati, yaani ilitakiwa kucheza hivi au vile, piga picha ubao kwa simu, waambie jibu kesho kwenye grupu. GNU Backgammon ni programu ya bure, unapanga kete humo kama zilivyo kwenye picha, inakwambia. Tumeokoa urafiki kadhaa kwa njia hiyo, na kuvunja mmoja, ila huo ulikua unavunjika tu.

Makocha

Hii ni ya kwetu hasa. Sisi tumekulia vijiwe vya drafti, kule mchezo ni wa watu wawili lakini wanaocheza ni kumi na wawili, kila mtu ana ushauri na mwenye sauti kubwa ndio mwenye akili. Kwenye bakgamoni hiyo inaua. Mtu yuko katikati ya kufikiria, nyuma yake mmoja anasema "ahaa" tu, hajasema lolote, ila hiyo "ahaa" imeshauza mchezo, mchezaji ameangalia upya akaiona.

Nilijaribu kukataza kwa mdomo, haikusaidia. Nikajaribu faini ya soda, makocha wakawa wanalipa kwa furaha alafu wanaendelea. Kilichosaidia ni kuwapa ubao wao. Chanzo ni kwamba hawana la kufanya, wamemaliza raundi mapema (tunarudi kwenye saa), wamesimama na bia mkononi na kichwa kimejaa mawazo. Sasa tuna ubao wa ziada mezani karibu na kaunta, haumo kwenye mashindano, waliomaliza wanaenda pale kubishana mpaka sauti ikauke. Meza za mashindano zimetulia.

Meneja ameanza kusema "wiki ijayo kuna sherehe"

Hakuna sherehe. Anakutoa taratibu kwa heshima. Kaa upande wake wa kaunta uangalie: watu 14, meza saba, masaa matatu, na kwenye meza nyingi kuna maji madogo na soda moja iliyopoa. Baa inaishi kwa mauzo. Hukuahidi kumnywesha mtu, sawa, lakini yeye umeme, ulinzi na wahudumu analipa.

Sisi tulifanya mambo mawili. Tulihamia Jumatatu, siku ambayo baa ilikua na paka na mlinzi tu, kwahiyo hata tukinywa kidogo ni zaidi ya sifuri. Na tukaweka mapumziko ya dakika 20 baada ya raundi ya pili, chakula kinaagizwa mwanzoni kabisa, mishkaki na ndizi za kuchoma zinafika mapumziko yakianza. Kabla ya hapo watu walikua wanakula wakicheza au hawali kabisa, na jiko linapata oda kumi kwa mkupuo saa 3. Dada wa jikoni ndie alieniambia, sio meneja, na alikua amekasirika kweli. Tangu tumepanga, yeye ndio anatutetea.

Jumatatu pia kwasababu ya mpira. Ukichagua Jumanne au Jumatano umeingia vitani na Ligi ya Mabingwa Ulaya, mechi kubwa huku kwetu zinaanza saa 4 usiku au saa 5 kutegemea Ulaya wamerudisha saa nyuma ama lah, na wateja wa mpira wanafika mapema kushika viti. Siku ya Simba na Yanga usijisumbue hata kutuma ujumbe kwenye grupu, hata mimi mwenyewe sipo.

Mwezi wa Ramadhani ni habari nyingine. Wachezaji wetu watano hawakanyagi baa mwezi huo, na sio kwamba wamechoka na mchezo. Tunahamia mgahawa wa mtaa wa pili, baada ya futari, chai ya tangawizi na kashata, raundi tatu badala ya nne. Usipofanya hivyo unapoteza watu watano, na kuwarudisha baadae ni kazi.

Mtu analeta wazo la kuweka elfu kumi kumi

Huyu yupo kila mahali. Ikishaingia hela meza inabadilika sura, na Tanzania michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003 na ina Bodi yake inayotoa leseni, na bakgamoni ina dadu, utajitetea vipi. Sisi zawadi ni jina lako ubaoni na sahani ya mishkaki ambayo baa inatoa. Anaetaka hela aende Bodi ya Michezo ya Kubahatisha akaulize kwanza, alafu aje na karatasi.

Kete hazionekani, ubao unanuka bia

Taa za baa ni nyekundu na bluu, na bodi nyingi zinakuja na kete za kahawia na nyeusi. Chini ya taa nyekundu hizo ni kitu kimoja. Niliwahi kuona mtu anasogeza kete ya mwenzake zamu mbili nzima na mwenzake anamshukuru. Tafuta bodi yenye kete nyeupe na za rangi kali, weka taa ya kuchaji kila meza, ambayo pia inakuokoa umeme ukikatika.

Bia isikae meza moja na ubao. Meza za plastiki zinacheza, unapiga dadu, chupa inayumba. Ubao wangu wa kwanza ulimwagiwa bia nzima, kitambaa kikalowa, nikaanika juani siku mbili barazani, kikakauka kigumu kama ngozi ya ngoma, na mpaka leo kete zikikaa sana pembetatu ya sita zinagoma kunyanyuka. Sasa kila meza ina stuli pembeni ya vinywaji, na kipande cha katoni kilichokunjwa chini ya mguu mfupi. Katoni beba mwenyewe, usitegemee baa.

Mchezo umefika katikati ndio mtu anagundua ubao ulipangwa vibaya

Kila mmoja ajumlishe hatua zake kabla ya dadu la kwanza, lazima iwe 167. Kete mbili mbali kabisa pembetatu ya 24, tano ya 13, tatu ya 8, tano ya 6. Ikizidi au ikipungua 167 kuna kete imekaa pabaya. Ikigundulika baada ya kila mtu kurusha mara moja, kwetu mchezo unaendelea ulivyo, kosa ni la wote wawili. Na wageni watacheka ukiwaambia kete iliyopigwa "inaenda baa", maana ule ukuta wa katikati ya ubao ndio jina lake. Waache wacheke.

Kete zinapungua kila wiki

Hesabu 30 kila ubao kabla ya kufunga, na mwenye meza ya mwisho ndie anahesabu. Zinaanguka, zinapigwa teke mpaka chini ya friji, moja niliikuta kwenye kachumbari. Tukipungukiwa tunaweka kizibo cha soda, na ubao namba tatu sasa una vizibo viwili ambavyo watu wanagombania kucheza navyo, wanasema vina dadu nzuri.